Vipodozi vya Uso: Kutibu Ngozi, Kubadili Rangi na Hukumu ya Kilichomo Ndani ya Kopo

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Masahaba wake. Ama baad:

Masuali kuhusu krimu na losheni za uso yamekuwa mengi, na mengi yao huja kwa sura moja: "Sheikh, krimu hii ni halali au haramu?" Muulizaji hutaja jina la krimu, au hutuma picha ya kopo. Lakini jina peke yake halitoshi kutoa jawabu. Hukumu ya kisharia inafuata mambo matatu: kilichomo ndani, kinachofanywa na hicho kilichomo katika mwili, na lengo la anayepaka. Krimu mbili zilizokaa rafu moja dukani, moja inaweza kuwa dawa nzuri ambayo Muislamu anajitibu nayo kwa amani ya moyo, na ya pili ikawa sumu asiyoruhusiwa kuipaka, kuiuza wala kumpa mwenziwe.

Kwa hiyo, ndugu yangu Muislamu, kabla hujauliza hukumu ya krimu, jua kwanza kilichomo. Na krimu ambayo hakuna anayeweza kukwambia kilichomo, hiyo imeshajipa jawabu yake yenyewe.

Kuutunza uso ni jambo lenye asili

Dini yetu haikumkataza mtu kupendeza. Alipoulizwa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) juu ya mtu anayependa nguo yake na kiatu chake viwe vizuri, alibainisha kuwa hilo si kibri, na kwamba Allah ni Mzuri na anapenda uzuri. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim.

Tena lipo jambo linalohusu uso wenyewe. Abu Daud na at-Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Mama wa Waumini Ummu Salama (Allah amridhie) kwamba wanawake wa zama za Mtume, wakiwa katika siku zao arubaini za uzazi, walikuwa wakijipaka usoni warsi, ambao ni mmea wa manjano unaotoka Yemen, kwa sababu ya mabaka yanayotokea usoni. Mama yeyote aliyezaa anayajua mabaka hayo. Ni yale madoa ya kahawia yanayotanda mashavuni na kwenye paji la uso wakati wa mimba, na madaktari wanasema husababishwa na homoni na kuzidishwa na jua. Wanawake hao walikuwa wakiyatibu.

Kutokana na mapokezi kama haya, wanazuoni walitofautisha mambo mawili. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, katika kitabu chake kuhusu hukumu za wanawake, amezungumzia kuuchubua uso na madhara yanayofuata, kisha akaeleza kuwa dawa za kuondoa mabaka na kuutengeneza uso kwa ajili ya mume hakuona ubaya wake. Tazama ndugu yangu: zaidi ya miaka mia nane iliyopita, mstari ulikuwa umeshachorwa baina ya kutibu ngozi na kuichubua.

Kutibu si kubadili rangi

Mwenye chunusi, mabaka, makovu, ukurutu au ngozi iliyokauka hadi kupasuka, huyo ana kasoro iliyomzukia na anataka kurudi katika hali yake. Hii ni tiba, na tiba tumeamrishwa.

Ama mwenye ngozi nzima, isiyo na ugonjwa, akataka kuiondoa rangi aliyoumbiwa ili awe mweupe, huyo yuko katika mlango mwengine. Katika Suratur-Rum, aya ya 22, Allah ametaja kutofautiana kwa rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake, sambamba na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, tumepewa khabari kwamba kubadili maumbile ya Allah ni katika mambo ambayo shetani aliahidi kuwaamrisha watu. Kwa ajili hiyo wanazuoni wengi wa zama hizi wamekataza kujichubua kunakobadilisha rangi ya asili, wakaruhusu kuondoa madoa yaliyozuka. Na hata asiyeliona suala la rangi kwa uzito huo, bado atakutana na suala la pili ambalo halina khilafu, nalo ni madhara.

Sumu tatu zilizo katika mkorogo

Suratul-Baqara, aya ya 195, inatukataza kuitia mikono yetu katika maangamizo, na msingi mkubwa wa fiqhi ni kwamba madhara huondolewa, kwa nafsi na kwa wengine. Tuyaangalie basi madhara yenyewe, kwani mkorogo na krimu nyingi za kung'arisha hutegemea vitu vitatu.

Cha kwanza ni zebaki. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, na ndiyo maana mtumiaji huona mabadiliko upesi na kufurahi. Lakini inapenya ndani ya mwili, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito humpelekea mtoto aliye tumboni. Na haiishii kwa anayepaka: hubakia kwenye mashuka na mataulo na hugeuka mvuke, wakadhurika watoto wa nyumba hiyo ambao hawajapaka kitu. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013, ulizuia vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni kuanzia mwaka 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuviondoa vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025. Kwenye lebo zebaki huweza kuandikwa kalomeli au jina jengine la kemikali, na mara nyingi haiandikwi kabisa.

Cha pili ni haidrokwinoni. Hii ni dawa ambayo daktari wa ngozi anaweza kumwandikia mgonjwa wa mabaka kwa kipimo na kwa muda maalumu, huku akimfuatilia. Kuipaka mwenyewe uso mzima kwa miezi na miaka ni jambo jengine. Mtu huweza kuishia na madoa meusi yenye ubuluu ndani ya ngozi, mashavuni na karibu na macho, ambayo ni magumu mno kuondoka. Alikimbia weusi aliopewa na Mola wake, ukamfika weusi wa ugonjwa.

Cha tatu ni steroidi kali, kama klobetasoli na betamethasoni. Nazo ni dawa halali za ukurutu na maradhi mengine ya ngozi, na aliyeandikiwa na daktari azitumie kama alivyoelekezwa wala asiogope. Ubaya ni kuzifanya mafuta ya kila siku ya uso. Ngozi huwa nyembamba, mishipa ikaonekana, chunusi zikafumka, michirizi ikatokea, vidonda vikachelewa kupona. Zikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu huingia katika damu na kuweza kupandisha sukari na presha. Na mtu akiacha ghafla, uso huwaka na kuwasha, akadhani krimu ndiyo ilikuwa ikimsaidia, akairudia. Aliyekwisha kuzoea asione haya kwenda hospitali. Amwambie daktari ukweli wote ili asaidiwe kuacha kwa utaratibu.

Katika mlango huu zimeingia pia sindano na dripu za glutathioni. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi. Kuchomwa sindano ya mtaani, hujui ilikotoka wala usafi wake, ni kuucheza uhai ulioaminishwa.

Muuzaji na mchanganyaji nao wataulizwa

Mara nyingi lawama zote huwekwa juu ya dada aliyepaka, akasahauliwa aliyemuuzia. Imam Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake, akakuta chini mna unyevu uliofichwa. Alimkemea muuzaji na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika mwenendo wake. Basi nini hukumu ya anayekoroga krimu tatu chumbani, akatia kwenye kopo jeupe, akaandika "mafuta asilia"? Huyo ameficha unyevu ulio mbaya zaidi kuliko ule wa nafaka.

Na imepokewa katika Sunan za Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah kwamba mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, atabeba dhamana ya madhara aliyoyasababisha. Wenye saluni na wanaouza kwa simu wauzingatie msingi huu. Pato litokanalo na sumu halina baraka, na haki ya mtu aliyeharibiwa uso haifutwi kwa istighfari peke yake bila ya kumrejea mwenyewe na kutafuta radhi yake.

Upande wa serikali, Zanzibar tunaye Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), na Tanzania Bara kazi ya vipodozi tangu mwaka 2019 iko kwa Shirika la Viwango (TBS). Kupeleka khabari ya bidhaa yenye madhara si fitina. Ni kuwakinga Waislamu na wasiokuwa Waislamu.

Asili ya viungo: twahara na najisi

Hapa ndipo penye masuali mengi. Tuyapange kwa kifupi, kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi'i yanayofuatwa na watu wengi wa pwani yetu.

Kolajeni na jelatini hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya nguruwe, ng'ombe au samaki. Ya samaki ni twahara. Ya nguruwe ni najisi. Ya ng'ombe hutegemea kuchinjwa kisharia. Na katika madhehebu yetu haifai kujipaka najisi mwilini bila ya haja. Wanazuoni wa Kihanafi wana upana zaidi katika kitu kilichogeuka kabisa dhati yake, na hiyo ni khilafu inayoheshimiwa. Lakini vipodozi visivyo na tatizo vimejaa madukani, kwa hiyo kuikwepa khilafu ni jambo jepesi.

Lanolini ni mafuta ya sufi ya kondoo, hayana tatizo. Nta ya nyuki vile vile. Gliserini hutoka kwenye mimea, kwenye mafuta ya wanyama, au hutengenezwa kiwandani. Ukijua imetoka wapi, fuata unalolijua. Usipojua, asili ya vitu ni twahara, wala hulazimiki kujitia wasiwasi. Rangi nyekundu inayoandikwa CI 75470 hutokana na wadudu, na ina khilafu. Mwenye kuweza kuiepuka ni bora kwake.

Ama alkoholi, jina hili linawatia watu hofu kuliko inavyostahiki. Setili alkoholi na zinazofanana nayo ni kitu kama nta, hazilevi, na hazimo katika hukumu ya khamri. Kuhusu alkoholi inayolevya inayotiwa kwenye krimu za kupaka nje, Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 16 kilichofanyika Makka mwaka 2002, liliruhusu matumizi hayo. Mwenye kutaka kujitoa kabisa katika khilafu achague isiyokuwa nayo, na kitabibu pia atanufaika, kwani aina hiyo huikausha ngozi.

Nembo ya halali, kama ile ya JAKIM ya Malaysia, ni msaada mzuri. Lakini ifahamike kuwa nembo haikuhakikishii kuwa kitu kinaifaa ngozi yako wewe. Asali ni halali, na wapo inaowadhuru.

Udhu, saumu, ihramu na eda

Krimu inayonywewa na ngozi haizuii udhu. Imam an-Nawawi ameeleza katika al-Majmu' kwamba mafuta ya majimaji yakiwa juu ya kiungo, maji yakagusa ngozi na kupita juu yake bila ya kutulia, udhu unasihi. Kinachozuia ni kitu chenye umbo kinachokaa juu ya ngozi kama gamba, mfano baadhi ya vipodozi visivyoingia maji na krimu nzito za kukinga jua zilizoganda. Hizo zisuguliwe na kuondolewa kwanza.

Kupaka krimu mchana wa Ramadhani hakufunguzi. Aliye katika ihramu aache krimu na sabuni zenye manukato, na asipake mafuta nywele za kichwa wala ndevu hata yasiyonukia. Ngozi ya mwili hapana ubaya kuipaka mafuta yasiyo na harufu. Mwenye eda ya kufiwa aache ya kujipamba kwa miezi minne na siku kumi, na akihitaji dawa ya ngozi atatumia kwa kadiri ya haja yake.

Namna ya kuchagua

Baada ya hukumu, watu huuliza: basi tupake nini? Uso wenye afya hauhitaji makopo kumi. Unahitaji mambo matatu: usafi usiochubua, mafuta yanayoufaa, na kinga ya jua.

Kwa usafi, sabuni laini isiyo na manukato makali inatosha, mara mbili kwa siku. Kwa mafuta, mwenye ngozi kavu atafaidika na krimu yenye gliserini, au mafuta mgando yasiyo na harufu, akipaka uso ungali na unyevu, na baada ya kutawadha ndio wakati wake mzuri. Mwenye ngozi ya mafuta na chunusi achague losheni nyepesi, na asipake mafuta ya nazi usoni, kwani kwa wengi huziba vitundu vya ngozi. Kwa jua, hasa mwenye mabaka, achague krimu ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, na airudie akikaa nje, pamoja na ushungi au kofia pana. Bila ya kinga ya jua, dawa ya mabaka hufanya kazi mchana ikabomolewa mchana huo huo. Ndugu zetu wenye ualbino kwao kinga hii ni suala la uhai, kwa sababu ya saratani ya ngozi. Huko Moshi hutengenezwa kwa ajili yao krimu iitwayo Kilisun.

Kwa chunusi, benzoili peroksaidi na asidi ya salisili zinajulikana kufaa. Ya kwanza huchujisha rangi ya nguo, basi iangalie kanga yako. Kwa mabaka na madoa, niasinamaidi na asidi ya azelaiki ni njia za upole. Retinoli na jamaa zake mjamzito asizitumie kabisa. Na dawa hizi huchukua wiki nyingi, sita, nane, pengine zaidi. Krimu inayoahidi kukubadilisha kwa siku saba, ahadi hiyo yenyewe ndiyo onyo.

Vitu vyetu vya asili navyo vina nafasi yake. Liwa, manjano na singo ni urithi mzuri wa bibi zetu, na kwa wengi havina dhara. Lakini maji ya ndimu usoni kisha jua huunguza na kuacha madoa, na mafuta ya karafuu matupu huchoma ngozi. "Asilia" si cheti cha usalama.

Ukinunua, angalia haya: jina la mtengenezaji na nchi, orodha ya viungo, tarehe ya mwisho, na alama ya kopo lililofunguliwa yenye namba kama 12M, maana yake itumike ndani ya miezi 12 baada ya kufunguliwa. Orodha ya viungo huanza na vilivyo vingi. Usipoielewa, mpelekee mfamasia. Kisha jaribu kidogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono kwa siku chache, na anza kitu kimoja kimoja ili ukidhurika ujue kilichokudhuru.

Nasaha kwa wazee, waume na masomo

Tusiwalaumu mabinti peke yao. Anayepeleka posa akauliza kwanza "ni mweupe?", ameshiriki. Mume anayemsifia jirani kwa rangi mbele ya mkewe, ameshiriki. Somo anayemwambia biharusi ajichubue wiki mbili kabla ya harusi, na pengine ndani ya miezi miwili bibi huyo atakuwa mjamzito na sumu imo mwilini, ameshiriki katika kumdhuru mtoto ambaye hajazaliwa. Mtume (S.A.W) alitangaza katika Hija ya kuaga kuwa hakuna ubora wa mweupe juu ya mweusi isipokuwa kwa ucha Mungu. Hatuwezi kuyasoma hayo msikitini kisha tukapima wake kwa rangi nyumbani.

Na dada ambaye ameshajichubua asikatishwe tamaa wala asichekwe. Mlango wa toba uko wazi, na ngozi nyingi hurejea hali nzuri zikipewa muda na matibabu. Aache, aende kwa daktari, na watu wake wamsitiri na wamsaidie.

Tunamuomba Allah, kama alivyoyafanya mazuri maumbile yetu, azifanye nzuri tabia zetu, na azing'arishe nyuso zetu Siku ya Kiyama kwa nuru ya udhu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.